Kumnyanyua Mama

Wifi yangu ana mikono ambayo mimi sina, na kwa muda wa miezi minane au tisa hivi nilimwonea gere kwa ajili ya mikono hiyo. Nalisema hili mwanzo kabisa, nisije nikadhaniwa mtu mwema. Hatukuwahi kugombana. Tukikutana tunashikana mikono, tunaulizana hali za watoto, tunacheka. Lakini kila alipoinama kitandani na kumnyanyua mama yangu, mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika taulo, na roho ikiniuma kwelikweli.

Mama alipooza upande wa kulia masika yalipokuwa yanamalizika. Alikuwa akikaa kijijini kwetu Kengeja, katika nyumba ileile aliyotuzalia, pamoja na mdogo wangu wa kiume na mkewe, ambaye ndiye huyo wifi. Mimi nakaa Tibirinzi, mjini Chake, na kazi yangu ni ya masjala katika ofisi moja ya serikali. Mume wangu ameshafariki, watoto wangu wako Unguja na maisha yao. Tulizaliwa wawili tu, mimi na huyo mdogo wangu, kwa hiyo binti wa mama ni mmoja, mimi. Na kwetu binti ndiye anayetazamiwa kumwogesha mama yake, kumvisha na kumgeuza. Mkwe akiyafanya hayo hupewa sifa mtaa mzima. Binti asipoyafanya husemwa.

Mama hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mrefu, mpana, mwanamke aliyelima maisha yake yote, na ule upande uliopooza ulikuwa mzito kuliko mwenzake kwa kuwa haukusaidia kitu. Tena alikuwa mbishi. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani alikuja kumtazama akamweleza kwamba mgonjwa kama yeye anaweza kutayamamu bila maji na kusali hapohapo kitandani. Mama akamshukuru sana, akamwombea dua, na adhana ilipolia akataka apelekwe chooni akatie udhu kwa maji. Mara tano kwa siku. Mtu mzima wa uzito ule, mara tano kwenda na mara tano kurudi.

Ijumaa ya kwanza baada ya mama kutolewa hospitali nilitoka ofisini mapema, nikafika Kengeja kabla ya alasiri. Nikavua baibui, nikakunja mikono ya gauni, nikamwambia wifi leo apumzike, mama ni wangu. Nikampitishia mama mikono chini ya makwapa, nikavuta. Akainuka kidogo. Kisha mikono yangu ikaanza kutetemeka kuanzia mabegani, magoti yakalegea, na tukarudi kitandani sote wawili, mimi juu yake. Mama akaguna. Nikajaribu tena, hali ikawa ileile. Mara ya tatu hakunyanyuka hata kidogo, nilichovuta ilikuwa nguo tu.

"Basi, mwanangu," mama akasema, maneno yakimtoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Niitie nke wa nduguyo."

Wifi akaja kutoka jikoni, mikono ina unga. Akaifuta, akachukua kanga iliyokuwa kwenye kichwa cha kitanda, akamfunga mama kiunoni ili apate pa kushika, akapiga Bismillahi, na mama akasimama. Hivyo tu. Hakuhema, hakukunja uso. Mama akaweka shavu lake shingoni mwa wifi, akafumba macho, wakaenda taratibu kama watu waliozoeana miaka. Kuanguka kwangu ningekusahau. Lile shavu ndilo lililoniua.

Jioni ile nilimketisha mdogo wangu nikamwambia nataka kumchukua mama nikae naye Tibirinzi. Hospitali iko karibu, nilisema, na umeme haukatiki ovyo. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli. Iliyokuwa ya kweli zaidi sikuitaja: nilitaka mama aache kumwita mtu mwingine.

Mdogo wangu ananiheshimu, na kwa kuniheshimu hakucheka. "Dada, ofisini utaomba ruhusa, hilo halina neno. Lakini nyumbani kwako u peke yako. Nani atannyanyua?"

"Mimi."

"Leo umeshindwa, dadaangu."

"Leo nimechoka na safari."

"Haya. Siku utakayontoa kitandani ukampeleka chooni, ukanrejesha, bila ya kuitwa ntu, nchukue. Mie sitakuzuia."

Wifi alikuwa papo hapo akipepeta mchele. Nilimtazama kwa pembe ya jicho nikaona anatabasamu, au niliona ninachotaka kuona.

Juma lililofuata nilikwenda kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja wa bara aliyekuwa amemfundisha mama yangu kuchezesha vidole. Nilimweleza kwamba nina udhaifu, labda upungufu wa damu, labda presha. Akanipima vyote, akaviona viko sawa. Akaniketisha kwenye kiti kisicho na mikono, akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame na kukaa, nisimame na kukaa, mpaka aseme basi. Kufika mara ya tisa mapaja yalikuwa yanawaka. Mara ya kumi na moja niliiamuru miguu isimame, ikakataa.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Ya ofisi."

"Unakaa kuanzia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu."

"Ukitoka hapo?"

"Narudi nyumbani."

"Kwa miguu?"

"Kwa gari."

"Ukifika nyumbani?"

Nilikifikiria kiti changu kilichoelekea televisheni, ambacho upande mmoja kimeshabonyea. "Nakaa," nikasema.

"Basi wewe huumwi, mama. Wewe umekaa tu."

Nilikasirika mno, kwa kuwa hakusema kwa dharau. Akanieleza kwamba msuli usioombwa kitu huacha kuwa nacho, na kwamba kuchoka kwangu upesi hakukuwa uzee, kulikuwa ni kutotumika. Miaka arobaini na sita si mingi, alisema, ninaweza kurudi. Akanipangia mazoezi ya kiti, ya kubeba maji na ya kupanda kilima, na akasisitiza siku za kupumzika katikati, kwa maana msuli hujijenga mtu anapopumzika. Hili la kupumzika sikulishika. Kila siku ambayo mimi ningepumzika, wifi angemnyanyua mama mara tano.

Nikanunua dumu la lita ishirini. Nikalijaza nusu, nikalibeba kutoka nyumbani hadi chini ya kilima, nikapanda nalo tena. Nilikuwa nabeba maji kuyatoa nyumbani na kuyarudisha nyumbani. Siku ya tatu jirani mmoja mtu mzima, Bi mkubwa ambaye hakuna kinachopita mbele ya baraza yake bila kuulizwa, akaniita.

"Maji yamekatika?"

Niliona haya kumwambia kwamba nabeba kwa ajili ya kubeba. "Yanakuja kidogo kidogo," nikasema.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umejaza ndoo, masufuria, mabeseni na mapipa. Watu walipanga foleni kwenye bomba la jirani ilhali kwao bomba lilikuwa linatoka vizuri. Mtu mmoja alishapiga simu kwa watu wa maji kulalamika. Mimi nikapita katikati yao na dumu langu begani, uso mkavu, nikijibu salamu.

Asiyejua hudhani maumivu huja siku ya kazi. Uongo. Siku ya kazi mtu hujisifu. Siku ya pili yake ndiyo hukumu. Pale masjala, majalada ya rafu ya juu yalinishinda, nikawa nawaomba wenzangu waniteremshie, nikisingizia bega nimelilalia vibaya. Ngazi za ofisini nilishuka kwa upande. Kukaa chooni nilikaa kwa awamu. Na katika maumivu yote hayo nilikuwa namwona wifi, ambaye anaamka alfajiri hana hata mguno.

Nikataka kujua siri yake. Jumamosi moja nikamwomba nifuatane naye shambani, akakubali kwa furaha, na furaha yake nayo ilinichukiza. Ananizidi miaka miwili, mimi na mumewe sote wadogo kwake. Amezaa watoto sita. Asubuhi ile alikuwa ameshamtia mama udhu, ameshateka maji, ameshapika chai na kufagia uwanja. Tukaanza kupandisha matuta ya muhogo. Nilitia bidii, nikamwacha nyuma tuta la kwanza, nikafurahi. Tuta la pili akanifikia. La tatu mikono yangu ilikuwa imekaza kutoka kiwiko hadi vidoleni hata jembe silisikii, na viganjani malengelenge yameshapasuka. Yeye alikuwa anakwenda mwendo uleule aliouanza, jembe juu, jembe chini, wala hakuonekana kupigana na udongo.

"Kaa kivulini, wifi," akaniambia. "Ntamaliza."

Angenicheka ningepata pa kushika. Aliniambia kwa huruma. Tuliporudi alijitwika kikapu cha muhogo, na jembe langu akalibeba yeye. Mimi nilibeba viatu vyangu. Kufika nyumbani nilijitupa kwenye mkeka. Yeye alinawa miguu akapitiliza ndani kwa mama, adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Nikamsikia mama akiuliza mimi niko wapi, wifi akamwambia nimejinyoosha kidogo.

"Mwache apumzike," mama akasema. "Hakuzoea, maskini. Weye ndo nkono wangu, mwanangu."

Mwanangu. Alimwita yeye mwanangu. Nilisikia wivu mpaka kwenye meno.

Kulikuwa na siku nyingine, sikumbuki ilikuwa mwezi gani, nilimkuta wifi nyuma ya jiko ameegemea ukuta, amejishika kiuno, amefumba macho. Alikuwa amechoka. Hakujua kwamba namwona. Mtu mwingine angekwenda kumsugua mgongo. Mimi nilirudi nyuma taratibu, nikiwa nimefurahi. Naliandika hili nikiona haya, lakini lilikuwa hivyo, nilifurahi siku nzima.

Nikazidisha mazoezi. Dumu nikalijaza mpaka juu. Nikaacha gari, nikawa natoka ofisini kwa miguu. Nikanunua kinu nikawa natwanga kisamvu ambacho sokoni nakipata kimeshatwangwa. Na polepole nikaanza kuona matunda. Kufikia mwezi wa tano au wa sita wa mazoezi niliweza kumketisha mama peke yangu. Baada ya hapo nikaweza kumsimamisha, wifi akiwa karibu kwa tahadhari. Kila Ijumaa nilipofika nilimwona mama mwepesi kuliko Ijumaa iliyopita, na kila Ijumaa nilijipongeza. Nikirudi Tibirinzi nilisimama mbele ya kioo, nakunja mkono, natazama kama kuna kitu kimetokea pale juu ya kiwiko. Kilikuwa kimetokea, kidogo.

Siku hizo mama alikuwa akila vijiko viwili vitatu, anasema ameshiba. Nilidhani anadeka. Chakula alichokiacha nilikimaliza mimi, nikijiambia nahitaji nguvu.

Siku niliyoichagua kutimiza sharti la mdogo wangu ilikuwa Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Nikamwita mdogo wangu asimame mlangoni ashuhudie, na wifi naye akaja akasimama nyuma yake. Mama alikuwa amejitanda kanga yake, ameegemea mto, anatutazama kwa zamu bila kujua kuna sherehe gani. Nikamfunga kanga ya kiunoni. Nikakunja magoti kidogo kama nilivyofundishwa, nikamkumbatia, nikasema Bismillahi.

Akasimama. Hata mimi nilishtuka. Nilitembea naye hatua kwa hatua mpaka chooni, nikamkalisha kwenye kibao, nikamtilia maji, nikampangusa miguu, nikamsimamisha tena, nikamrejesha kitandani na kumweka vizuri kuelekea kibla. Mikono haikutetemeka. Kifua hakikupanda. Nilikuwa na nguvu za kumpeleka tena na kumrejesha tena, na nilitaka mtu aniambie nifanye hivyo.

"Haya, dada," mdogo wangu akasema. "Umeweza."

Hakuonekana kufurahi. Nikasema moyoni, ameshindwa huyo, inamuuma. Nikamtafuta wifi kwa macho, hayupo, alishaondoka kabla sijamaliza. Hilo lilinifurahisha zaidi ya yote. Hakuweza kuvumilia kutazama, nikajisemea, na mimi nimetazama miezi yote hii. Nikamfuata jikoni. Sikwenda kumshukuru, nilikwenda kumwonyesha uso wangu.

Alikuwa anamenya muhogo.

"Wifi, umeona? Sasa utapumzika."

"Nimeona, wifi."

"Mwanzo hata kumtoa kwenye mto nilikuwa siwezi. Leo hata sihemi. Lile dumu limenifaa."

Akaweka kisu ndani ya beseni. Akatazama mikono yake.

"Dumu limekufaa, mie sikatai," akasema. "Usinione vibaya, wifi. Lakini mama uloannyanyua leo si yule wa masika."

"Si yule vipi?"

"Kapungua. Ile kanga ya kiunoni, alipotoka hospitali ncha zilikuwa fupi, hata fundo nalifunga kwa tabu. Leo umenfunga weye mwenyewe. Ncha zimefika wapi?"

Zilikuwa zimening'inia mpaka mapajani. Nilikuwa nimezisogeza kwa mkono ili zisimtatize kutembea.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya mwezi wa mfungo. Anapungua kidogo kidogo, kila siku kidogo. Weye waja kwa wiki, na ukija wajitazama mikono, huwezi kujua. Mie nannyanyua kila siku, lazima nijue. Nlimwambia nduguyo akwambie, akasema tusikutie hofu, wafurahi kuwa waweza." Akavuta pumzi. "Nchukue, wifi. Mie toka zamani nataka uweze, umpeleke huko kwenu, hospitali iko karibu. Nlikuwa nakuombea."

Nilikaa chini palepale, kwenye maganda ya muhogo. Na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Yeye alijua. Mama yangu alikuwa akiondoka gramu kwa gramu, na habari zile zote zilipita mikononi mwa wifi, mara tano kwa siku, wakati mimi nilikuwa nabeba maji Tibirinzi. Hata woga wa kumpoteza mama alikuwa ameutangulia yeye, amekaa nao peke yake, akaendelea kulima. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa, nikaokota kisu chake nikaendelea kumenya mimi. Nilikuwa nakata vibaya, nusu ya muhogo inakwenda na ganda. Hakunisahihisha.

Adhana ikalia. Kutoka ndani mama akaita, "Mwanangu!"

Sote wawili tuliinuka nusu, kwa mazoea. Wifi akakaa tena.

"Nenda weye," akasema.

Mama alikuwa ameshatengukwa na udhu, alitaka arudishwe chooni. Alinipa mkono wake mzima. Nikauangalia kwa mara ya kwanza baada ya miezi: bangili ilikuwa imeteremka mpaka kwenye vidole, na kiwiko kilikuwa kikubwa kuliko mkono wenyewe. Nikamkumbatia, nikamnyanyua. Hakukuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mzito, nikajikuta nimemwinua juu kuliko nilivyokusudia, miguu yake ikagusa sakafu kwa ncha tu.

"Alaa!" mama akasema, akacheka upande mmoja wa mdomo, amefurahi kweli. "Umekuwa na nguvu, mwanangu. Ulifanya nini?"

Maneno hayo nilikuwa nayasubiri tangu masika.

"Nimefanya mazoezi sana, mama," nikamwambia.

Nilisimama naye vile vile katikati ya chumba, nimemshikilia, wala sikupiga hatua, mpaka aliponiuliza tunangoja nini.